Mwongozo Kamili wa Kumuuguza Nyumbani Mgonjwa wa Mafua Makali Aina ya B, kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Kila baridi inapoingia, kati ya Juni na Agosti, kaya nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe hukosea mahali palepale. Mgonjwa wa mafua makali hununuliwa antibiotiki ya amoksilini dukani, chumba chake huzibwa kila upenyo na kuwekewa jiko la mkaa, kisha homa ikishuka siku ya tatu watu wote hurudi shambani na sokoni, ilhali nimonia ndiyo kwanza inaanza. Mwongozo huu unamwelekeza mlezi hatua kwa hatua, tangu homa ya kwanza hadi siku mgonjwa anaporudi shuleni au kazini.

Milipuko ya mafua makali, yaani influenza au mafua ya msimu, huletwa na virusi vya aina ya A na vya aina ya B. Aina ya B huwashika sana watoto wa shule, na kwa kuwa haijawahi kusababisha janga la dunia nzima, wengi wameizoea kama ugonjwa mwepesi. Mazoea hayo hayana msingi. Aina ya B inaweza kuleta nimonia, degedege na uvimbe wa misuli, na kwa mara chache uvimbe wa moyo au ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mafua ya msimu, aina zote mbili kwa pamoja, huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji. Kwa macho huwezi kutofautisha A na B, kwa maana hilo ni jambo la maabara. Matunzo ya nyumbani ni yaleyale, kwa hiyo usichelewe kuanza eti kwa sababu hujui ni aina ipi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu yenye saa ya kuhesabia sekunde. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na sababu yake utaiona katika hatua ya sita.
- Kipimajoto cha kwapani.
- Daftari na kalamu.
- Parasetamoli: vidonge vya miligramu 500 kwa mtu mzima, na dawa ya maji kwa mtoto pamoja na kipimio chake. Kijiko cha chai cha nyumbani hakifai, kwa kuwa vijiko havilingani.
- Pakiti za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), chombo cha lita moja na maji yaliyochemshwa.
- Sabuni, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, na barakoa chache.
- Mablanketi na nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima, na kadi ya CTC (kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU) kwa anayehudhuria kliniki hiyo.
- Nauli iliyotengwa, pamoja na namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayekubali kuja usiku. Anayeishi milimani Makete au ndani ya Mufindi asiliache hili hadi mgonjwa azidiwe.

Kuna vitu ambavyo hupaswi kuvinunua. Antibiotiki haziui virusi, na ukizitumia ovyo unawazoesha vimelea kuzistahimili, hata siku utakapozihitaji kwa nimonia zisikusaidie. Aspirini haipewi mtoto wala kijana wa chini ya miaka 18 mwenye mafua, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa hatari unaoharibu ini na ubongo, na mafua ya aina ya B yamo miongoni mwa maambukizi yanayotangulia ugonjwa huo. Dawa za mchanganyiko za kikohozi na mafua hazifai kwa watoto wadogo. Ukiuziwa "sindano ya mafua" ya kumaliza ugonjwa kwa siku moja, rudisha fedha yako mfukoni.

## Hatua ya 1: Hakikisha si malaria

Mafua makali huanza ghafla: homa, kutetemeka, kichwa kuuma, viungo na misuli kuuma, kikohozi kikavu, koo kuwasha na uchovu unaomlaza mtu. Mafua ya kawaida huja taratibu, na pua ndiyo husumbua zaidi. Mtoto mwenye mafua makali anaweza pia kutapika na kuharisha.

Malaria nayo huanza kwa homa, kutetemeka na kichwa kuuma. Ni kweli kwamba katika maeneo ya baridi kama Makete na Njombe malaria ni chache kuliko mabondeni, lakini watu wetu hawakai mahali pamoja. Mtu hutoka Kyela kununua mpunga, mwingine hutoka Mbarali kwenye mashamba ya Usangu, na homa humshukia akiwa Mbeya mjini. Kwa hiyo mpeleke mgonjwa zahanati apimwe kwa kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole. Usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala usimnyime kwa kudhani kwamba baridi ya kwenu imeimaliza malaria.

Hatua hii imekamilika pale unapokuwa na jibu la kipimo mkononi na umeandika daftarini saa na siku homa ilipoanza. Saa hiyo ya mwanzo itaulizwa tena.

## Hatua ya 2: Amua kama mgonjwa huyu ni wa kuuguzwa nyumbani

Mtu mzima mwenye afya njema na mtoto mkubwa aliye na nguvu wanaweza kuuguzwa nyumbani. Wafuatao wapelekwe kituo cha afya mapema, hata kama wanaonekana hawajambo: mtoto wa chini ya miaka miwili, mjamzito na mwanamke aliyejifungua ndani ya wiki mbili zilizopita, mzee wa miaka 65 na kuendelea, na mtu mwenye pumu, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo, wa figo au wa mapafu. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa hauguzwi nyumbani hata kwa saa moja.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya ziada ya kuwa makini. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU nchini, na kinga iliyopungua huyapa mafua njia rahisi ya kufika mapafuni. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi asiziache kwa sababu ya homa, na awaeleze wahudumu wa CTC kwamba anaugua.

Uharaka unatokana na jambo jingine pia. Ipo dawa ya kupambana na virusi vya mafua iitwayo oseltamiviri, ambayo huandikwa na daktari na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza. Haipatikani kila mahali na si kila mgonjwa anaihitaji, lakini aliye katika hatari kubwa akifika siku ya tano, nafasi nzuri ya kumsaidia kwa dawa hiyo inakuwa imepita.

## Hatua ya 3: Andaa chumba chenye joto, lakini bila mkaa

Mpe mgonjwa chumba chake. Kama nyumba ni ndogo, mpe kona yake, na kitanda chake kiwe angalau mita moja kutoka kwa wengine. Fungua dirisha saa za jua, kuanzia kama saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, hewa ibadilike. Baridi yenyewe haizai virusi. Kinachotuponza ni kujifungia watu wengi katika chumba kimoja na kuvuta hewa ileile usiku kucha.

Onyo: usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi, na mkaa unaoonekana umegeuka majivu bado unaweza kuitoa.

Ubaya zaidi ni kwamba sumu hiyo huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge, dalili ambazo mlezi atazihesabu kuwa ni za mafua. Ukiona watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa bila homa, au wanapata nafuu wakitoka nje na kuugua tena wakirudi ndani, watoe wote nje mara moja na uwapeleke hospitali.

Joto lipatikane kwa nguo za tabaka, soksi, kofia ya sufu, mablanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Chupa hiyo usimwekee mtoto mchanga wala mgonjwa aliyepoteza fahamu, kwani hawawezi kuisogeza ikiwaunguza.

Ukiingia chumbani asubuhi ukakuta hewa haina moshi wala uzito, na mgonjwa ana joto miguuni, hatua hii umeiweza.

## Hatua ya 4: Tuliza homa na maumivu

Joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Lengo la dawa ni kumpunguzia mgonjwa mateso ili aweze kunywa, kula na kulala, kwa hiyo usikazanie kuirudisha namba ya kipimajoto katika kawaida.

Mtoto hupewa parasetamoli kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na dozi moja hadi nyingine zipishane angalau saa nne, zisizidi dozi nne ndani ya saa 24. Dawa ya maji inayouzwa sana ina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini soma chupa yako, kwa sababu zipo zenye nguvu tofauti. Kwa ile ya 120, mtoto wa kilo 10 hupata mililita 5, wa kilo 15 hupata mililita 7.5, na wa kilo 20 hupata mililita 10. Uzito utaupata kwenye kadi ya kliniki.

Mtu mzima hunywa kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa nne hadi sita, visizidi vidonge vinane kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa pombe nyingi, apunguze kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Andika daftarini kila dozi na saa yake. Dozi nyingi za ziada hutolewa usiku, mama akiwa hajui kwamba baba alishampa mtoto dawa.

Usimmwagie mgonjwa maji baridi wala usimpake spiriti. Mtetemeko unaotokea huongeza joto badala ya kulipunguza.

Nyungu ina wapenzi wengi huku, hasa ya majani ya mikaratusi, nami sina ugomvi na mtu mzima anayependa mvuke wake. Ila mvuke hauui virusi vilivyo mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watu. Mtoto asiingizwe humo kabisa.

## Hatua ya 5: Maji kwanza, chakula baadaye

Homa na kupumua haraka hukausha mwili. Mpe mgonjwa vinywaji kidogo kidogo na mara kwa mara: maji, uji mwepesi wa ulezi, supu, chai ya tangawizi na limao. Anayetapika au kuharisha apewe ORS, pakiti moja katika lita moja kamili ya maji safi. Ikitiwa maji pungufu inakuwa na chumvi nyingi na inaweza kumdhuru mtoto.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na mara nyingi zaidi kuliko kawaida, hata kama mama ndiye mgonjwa. Mama avae barakoa na anawe mikono kabla ya kumshika. Asali hutuliza kikohozi kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, lakini chini ya umri huo asipewe hata tone, kwani inaweza kumletea sumu ya botulizimu.

Hamu ya kula ikipotea kwa siku mbili tatu usigombane na mgonjwa. Kipande cha parachichi au kiazi kilichopondwa kwa maziwa kinatosha kwa kuanzia. Mkojo ndio shahidi wako: ukitoka mara kwa mara na rangi yake ikiwa nyepesi, maji yanatosha. Mtoto akikaa saa sita au zaidi bila kukojoa, midomo ikakauka na akalia bila machozi, mpeleke kituoni.

## Hatua ya 6: Hesabu pumzi, asubuhi na jioni

Hapa ndipo walezi wengi hushindwa, na hapa ndipo maisha huokolewa. Homa humshtua kila mtu, lakini kinachoua mara nyingi ni nimonia, na nimonia huonekana kwanza katika mwendo wa pumzi. Kipimajoto kinaweza kusoma vizuri kwa sababu ya parasetamoli huku mapafu yakizidi kujaa majimaji.

Fanya hivi:

1. Subiri mtoto atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu yako haina maana. Wakati mzuri ni akiwa amelala au amepakatwa kimya.
2. Inua nguo uone tumbo na kifua, penye mwanga wa kutosha.
3. Washa saa ya kuhesabia. Kila kifua kinapopanda na kushuka, hesabu moja.
4. Hesabu dakika nzima, sekunde 60. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio sawa, na kosa dogo hukuzwa mara nne.
5. Ukipata idadi kubwa, subiri kidogo urudie. Homa kali peke yake huongeza pumzi, hivyo hesabu tena dawa ikishafanya kazi. Lakini kama umeona dalili nyingine yoyote ya hatari iliyoandikwa hapa chini, usingoje hesabu ya pili.
6. Andika namba na saa.

Pumzi ni za haraka zikifikia 60 kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano. Kwa aliye mkubwa zaidi na mtu mzima, 30 ni nyingi mno. Namba hizi ndizo wanazotumia wahudumu wa zahanati, kwa hiyo ukifika na daftari lako mtaelewana mara moja.

Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua. Mtoto anapovuta hewa ndani, mbavu za chini zinapaswa kutanuka. Zikibonyea kuelekea ndani kila anapovuta, anatumia nguvu za ziada kupata hewa. Wanaoishi Kitulo na vijiji vingine vilivyo juu ya mita 2,000 wafahamu kuwa hewa yao ina oksijeni pungufu kuliko ya mabondeni, hivyo pafu lililojaa halina akiba kubwa ya kusubiria hadi kesho.

Dalili za kuondoka nyumbani sasa hivi, hata usiku:

- kupumua haraka, kifua kubonyea, au kushindwa kumaliza sentensi bila kutweta;
- midomo au ulimi kuwa wa bluu au kijivu;
- mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, au kutapika kila kitu;
- degedege, kuchanganyikiwa, au usingizi mzito asioamshika;
- maumivu makali ya kifua, au kukohoa damu;
- shingo kukakamaa.

Ukihitaji ushauri piga 199, kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya, bila malipo. Mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipatwa na dharura, piga 115 kwa usafiri wa M-mama. Anza na kituo kilicho karibu kabla ya kuifikiria Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya au ya Mkoa wa Iringa, kwa kuwa oksijeni na dozi ya kwanza aliyopewa karibu humsaidia mgonjwa kustahimili safari ya mbali.

## Hatua ya 7: Walinde waliobaki

Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja kabla ya dalili na huendelea kwa siku tano hadi saba baada yake, watoto zaidi. Mteueni mlezi mmoja, asiwe mjamzito wala mzee. Mgonjwa avae barakoa watu wanapoingia chumbani, akohoe kwenye kiwiko, na kikombe chake kisitumiwe na wengine kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Virusi vinaweza kukaa kwenye kitasa au meza kwa siku moja hadi mbili, basi vifutwe kila siku kwa maji ya sabuni. Majirani waje kutoa pole kwa simu au wakae uani.

Katika mabweni ugonjwa huu huenea haraka. Matroni au patroni akiona wanafunzi kadhaa wa bweni moja wanaugua ndani ya siku chache, awatenge, apange vitanda ili kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake, asiruhusu waliougua kwenda makwao kwa basi lililojaa bila ushauri, na atoe taarifa zahanati siku hiyohiyo. Kunyamaza kwa kuogopa sifa mbaya ya shule huongeza idadi ya wagonjwa, na mwishowe sifa huchafuka vilevile.

Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini, ila zimo zile za kukinga nimonia inayosababishwa na bakteria, ambazo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi. Kama kuna iliyokosekana, mpeleke kliniki akishapona.

## Hatua ya 8: Usilegee siku ya tatu hadi ya saba

Kwa kawaida homa huisha ndani ya siku tatu hadi tano. Mambo mawili yatazamwe wakati huo.

La kwanza ni homa inayorudi. Mgonjwa amepata nafuu siku moja au mbili, kisha homa inapanda tena, kikohozi kinazidi na makohozi yanakuwa mazito. Hiyo ni ishara ya bakteria kuingia katika mapafu yaliyodhoofishwa na virusi. Sasa antibiotiki zinahitajika, zikiandikwa na mhudumu aliyempima, na zimalizwe zote.

La pili huonekana zaidi kwa watoto wa shule, na mafua ya aina ya B yanafahamika sana kwalo. Mtoto aliyekuwa anapona huamka akilia vigimbi vinamuuma, anakataa kutembea au anatembea kwa ncha za vidole. Wazazi hudhani amepooza. Mara nyingi ni uvimbe wa misuli unaoisha wenyewe ndani ya wiki moja kwa kupumzika, maji na parasetamoli. Hata hivyo apelekwe apimwe, na aende haraka sana ikiwa mkojo umegeuka rangi kama chai ya rangi, kwani misuli inayoharibika huziumiza figo. Miguu ikiwa inalegea bila maumivu, au ganzi ikipanda kwenda juu, hilo ni tatizo jingine la dharura.

## Hatua ya 9: Kurudi shuleni na kazini

Mgonjwa arudi baada ya saa 24 kamili bila homa na bila kumeza parasetamoli. Asianze siku hiyohiyo na kulima au mbio za mchakamchaka, kwani uchovu unaweza kubaki kwa wiki mbili. Daftari litunzwe pamoja na kadi ya kliniki.

Kikohozi kinaweza kuendelea kidogo hata baada ya homa kuisha. Kikifikisha wiki mbili, au kikiandamana na jasho la usiku na kupungua uzito, mgonjwa apelekwe kupima makohozi ya kifua kikuu, huduma inayotolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Mwenye VVU asisubiri wiki hizo mbili, aende akiwa na kikohozi cha muda wowote.